Pete Isiyoonekana

Ford Model A ilipoanza kuuzwa Desemba 1927, breki zake zilikuwa za fimbo. Dereva akikanyaga pedali, fimbo za chuma zilizopita chini ya sakafu zilivuta wenzo kwenye magurudumu yote manne. Kwa mbele palikuwa na ubunifu wa kupendeza: kingpini, ile pini ambayo gurudumu hugeukia, ilitobolewa katikati, na ndani ya tundu hilo ikapita pini nyembamba iliyosukumwa kwenda chini ili kutanua breki shuu. Hivyo dereva aliweza kukata kona huku amekanyaga breki, na usukani usivuruge fimbo. Aliyebuni hayo alijua kazi yake, na fundi anayekusudia kuweka breki za mafuta kwenye ekseli hiyo ni vizuri aanze kwa kuielewa.

Akishaielewa, ataona pia udhaifu wake. Fimbo nyingi maana yake ni viungo vingi, na kila kiungo hulika. Breki hizo zikirekebishwa kwa makini zinaweza kuyafunga magurudumu yote manne, ila umakini huo hauna mwisho. Kiungo kimoja kikilegea, gurudumu moja linashika kabla ya mwenzake na gari linavuta upande. Mafuta yaliyofungiwa ndani ya paipu hayana tabia hiyo. Presha inayotoka kwenye masta silinda, yaani pampu inayosukumwa na pedali, hufika sawa kulia na kushoto.

Jambo hilo lilijulikana mapema. Mmarekani Malcolm Loughead alipata hataza ya breki za mafuta mwaka 1917. Duesenberg wakazifunga kwenye gari lao la 1921, Chrysler wakafuata mwaka 1924, Chevrolet mwaka 1936. Henry Ford alizishikilia fimbo za chuma hadi magari yake ya mwaka 1939. Alipokubali hatimaye, aliwaachia mafundi zawadi ambayo huenda hakuikusudia: habu za Ford za 1940 hadi 1948 zina boliti tano kwenye duara la inchi 5.5, mpangilio uleule wa Model A. Vijana wa California waliokuwa wakishindana kwenye maziwa makavu ya Muroc na El Mirage waliliona hilo. Walikuwa wakitoa injini ya Model A yenye nguvu ya farasi 40 na kuweka V8, na gari lenye kasi mpya lilihitaji namna mpya ya kusimama. Breki walizitafuta kwenye yadi za vyuma chakavu.

Boliti kulingana ni mwanzo tu. Kiini cha kazi hii ni kipande kidogo kuliko vyote. Stabu ekseli ya Model A, yaani kile chuma kinachobeba gurudumu, ni nyembamba kuliko tundu la beringi ya ndani ya habu mpya. Beringi ikipachikwa hivyohivyo itacheza, na gurudumu litayumba. Basi mkereza vyuma huchonga pete: ndani ishike stabu, nje ijaze beringi. Hapa hupimwa kwa elfu za inchi. Pete ikilegea, itazunguka juu ya stabu na kuila kidogokidogo. Ikibana kupita kiasi, itapasuka au itachuna chuma wakati wa kupachikwa. Wengine huipasha moto itanuke, kisha huitelezesha mahali pake upesi kabla haijapoa. Ukingo wake wa nyuma nao huchongwa ufuate mviringo wa shingo ya stabu, kwa kuwa pale shingoni ndipo mzigo unapoelemea zaidi, na mkwaruzo mmoja unaweza kuzaa ufa. Kazi ikikamilika habu huifunika, grisi huifunika, kifuniko hufungwa. Mwenye gari anaweza kuliendesha miaka mingi bila kuiona pete hiyo hata mara moja. Ufundi wa kusifiwa uko papo hapo.

Bamba linalobeba shuu nalo lina pete yake, maana tundu lake la katikati ni kubwa kuliko bega la stabu ya zamani. Bila pete hiyo boliti nne zitalikaza bamba, lakini hazitaliweka katikati, na shuu zitakaa karibu na dramu upande mmoja, mbali upande wa pili.

Halafu upindo. Dramu hizi za inchi 12 zimeshakerezwa mara kadhaa, kwa hiyo zimetanuka kidogo, na lainingi mpya, ile sehemu ya shuu inayosugua dramu, inakuja na upindo wake wa kiwandani. Visipofanana, shuu inagusa kwa ncha au kwa tumbo tu, pedali inakuwa ngumu na gari halisimami. Ni lazima lainingi isuguliwe hadi iwe na upindo wa dramu ileile itakayofanya nayo kazi. Vumbi la lainingi kuukuu halipulizwi kamwe, kwa sababu nyingi zilikuwa na asbesto.

Masta silinda hukaa chini ya sakafu, kwenye kishikio ambacho fundi hukitengeneza mwenyewe. Kishikio kikiwa laini kinapinda, na nguvu ya mguu inapotea humo. Kati ya ufito wa pedali na pistoni huachwa nafasi ndogo sana. Nafasi hiyo isipokuwepo, pistoni haitarudi hadi mwisho, kitundu cha kurudishia mafuta kitabaki kimezibwa, na mafuta yakipata joto breki zitajikamata zenyewe barabarani. Fundi mwenye busara hufunga masta silinda ya njia mbili, ili paipu ya mbele ikipasuka breki za nyuma zibaki. Pia hukwepa kutoboa fremu pasipo lazima. Fimbo na kingpini zenye tundu huhifadhiwa, kwani kuna siku mtu atataka kuzirudisha.

Hata magurudumu ya waya yanadai haki yao. Kitovu cha gurudumu la waya hakipati mahali pa kuegemea kwenye dramu mpya, na nati zikikazwa kinajikunja hadi kinapasuka. Pete nyingine tena, ya tatu, huwekwa nyuma yake.

Breki zikishajazwa mafuta, fundi hutoa upepo kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, na gari hupelekwa mahali pasipo na watu likasimamishwe mara kwa mara kwa mwendo mdogo. Kisha dramu hufunguliwa tena. Lainingi iliyong'aa sehemu yake yote inafungwa; iliyong'aa ncha tu inarudi kwenye msasa.