Kuipima Riwaya ya Mbilikimo Kijana

Riwaya ya fantasia inayomfuata mbilikimo kijana kutoka kwao hadi utu uzima hupimwa kwanza kwa mwili wa shujaa wake. Mwandishi mzembe humtaja kuwa mfupi katika ukurasa wa kwanza, kisha humwacha apande farasi, afungue malango na kuvuka mito kama mtu yeyote. Mwandishi hodari hasahau. Mfano mzuri kuliko yote unatoka katika kitabu kisicho cha mbilikimo: hadithi ya Lewis Carroll iliyotolewa kwa Kiswahili mwaka 1940, Elisi katika Nchi ya Ajabu. Elisi anapungua kimo ili apite katika kijilango, ndipo anakumbuka kuwa ufunguo ameuacha juu ya meza. Meza ni ya kioo, kwa hiyo anauona vizuri kabisa. Anakwea mguu wa meza, anateleza, anakwea tena, mwisho anakaa chini analia. Pale ufupi umekuwa tukio, na msomaji ameuhisi mikononi mwake.

Msomaji wa Mutanga Sud ana kipimo karibu na nyumbani. Mtaa huo wa Bujumbura umeegemea miinuko, na korongo la mto Ntahangwa linazidi kumomonyoka na kutishia nyumba zilizo kandokando. Amweke shujaa wa kitabu kwenye ukingo ule baada ya mvua, kisha ajiulize: mwandishi huyu angejua kijana anashika wapi, anaona nini kutoka kimo chake, mtaro gani anauruka na upi anauzunguka? Asipopata jibu ndani ya sura mbili tatu, ufupi ni pambo tu.

Baada ya mwili hufuata sheria ya ajabu. Uchawi usio na gharama huua hadithi, kwa kuwa kila shida ina dawa tayari. Shaaban Robert aliliweza hilo katika Adili na Nduguze (1952): Adili analazimishwa na jini kuwachapa kila usiku nduguze waliogeuzwa manyani, apende asipende. Amri ya jini inamtia uchungu yeye anayeitekeleza, na uchungu huo ndio unaoivuta hadithi mbele.

Suala la asili linahitaji jicho kali zaidi. J. R. R. Tolkien aliyachukua majina mengi ya mbilikimo wa The Hobbit (1937) katika shairi la kale la Kiaislandi liitwalo Völuspá, ndiyo maana yanasikika kama ya ukoo mmoja. Waigaji wake huchukua shoka na ndevu, wakaiacha mizizi. Mwandishi wa Burundi hana haja ya kuazima mbilikimo mhunzi wa Ulaya: Burundi na Rwanda kumechimbuliwa tanuri za kuyeyushia chuma za kale mno. Mkaa, mivukuto, mabomba ya udongo na mavi ya chuma yaliyoganda vinatosha kumjengea kijana karakana ya kweli. Hapo pia pana kosa lisilosameheka, nalo ni kumchora mbilikimo wa hadithi kwa sura ya Batwa. Hao ni watu halisi, wafinyanzi mashuhuri, na katiba ya Burundi ya mwaka 2005 iliwatengea viti vitatu katika Bunge na vitatu katika Seneti. Kitabu kinachowageuza viumbe vya msituni kina dosari hata kama lugha yake ni tamu.

Mwisho hupimwa safari yenyewe. Kukua si kuua zimwi; ni kupoteza jambo lisilorudi na kuamua bila kuamuliwa. Siku Njema ya Ken Walibora (1996) haina uchawi wowote, lakini safari ya shujaa wake, Kongowea, kutoka Tanga kwenda Kenya kumtafuta baba yake ni kigezo kizuri: kila kituo kinamwondolea kijana kinga fulani. Kwa hiyo sura ya kwanza na ya mwisho zisomwe pamoja. Ikiwa shujaa anazungumza na wazee wake mwishoni vilevile alivyozungumza mwanzoni, riwaya haijamkuza, hata akirudi na taji. Anayetaka kulizoesha jicho lake aanze na Siku Njema, kisha Adili na Nduguze, ndipo afungue kitabu cha mbilikimo.