Jina Linaporudi: Kuisoma Nasaba ya Waisukha

Khayega, katika nchi ya Waisukha kaunti ya Kakamega, kama kwa Waluhya wengi, mtoto hurithishwa jina la marehemu wa jamaa yake. Kwa desturi, jina hilo halishuki moja kwa moja kutoka kwa baba hadi kwa mwana. Huruka kizazi, likamrudia mjukuu. Kwa hiyo kutaja nasaba si kuorodhesha tu. Ni utanzu wa fasihi simulizi, ambamo fanani huchagua nani atajwe na nani anyamaziwe.

Wanahistoria waliotangulia waliitazama nasaba kwa jicho jingine. John Osogo (1966) na Gideon Were (1967) waliyahifadhi masimulizi ya wazee wa Abaluyia, na Were akavitegemea vizazi katika kukadiria tarehe. Thamani ya kazi hizo haina ubishi. Hata hivyo, jina linalojirudia laweza kuwaunganisha watu wawili wakawa mmoja, na vizazi vilivyo kati yao vikatoweka katika hesabu. Aidha, nasaba hufuata ubabani: mama, ambaye lazima atoke ukoo mwingine, huzaa ukoo asiohesabiwa ndani yake.

Mtafiti anayekwenda Khayega na daftari hana budi kuuliza zaidi ya nani alimzaa nani. Na aulize pia nani alimwita nani, na kwa nini. Asipofanya hivyo, atarudi na orodha ya majina, na historia ataiacha kwa wenyewe.