Bofya, Rudi, Pakia Upya

Ukipewa programu ya wavuti ya ukurasa mmoja uipime, usianze na menyu. Menyu ameshaibofya aliyeitengeneza mara zisizohesabika, hivyo haitakuangusha. Ingia ndani mpaka kwenye risiti moja au bidhaa moja, kisha pakia upya.

Katika programu za aina hii seva hutuma faili moja la HTML. Baada ya hapo JavaScript ndiyo inayobadilisha skrini na kuandika anwani mpya kwa pushState, bila kuiomba seva ukurasa mpya. Anwani kama /risiti/87 inajulikana na ruta ya programu (si ile ya Wi-Fi), lakini seva haijawahi kuisikia. Ukipakia upya, swali linakwenda kwa seva, nayo inajibu 404. Ndiyo maana uliyemtumia kiungo kwa WhatsApp anaambiwa ukurasa haupo, na wewe unautazama.

Dawa inayojulikana ni kuiagiza seva irudishe index.html kwa kila anwani isiyoifahamu. Kwenye nginx ni mstari mmoja wa try_files. Wengi huishia hapo. Lakini sasa seva inajibu 200 hata kwa upuuzi. Andika /risiti/mananasi uone. Ukipata skrini nyeupe, aliyeifanya kazi hiyo aliondoka mapema.

Dawa hiyohiyo huzaa kosa ambalo mimi hulitumia kumpima fundi: konsoli inalalamika “Unexpected token '<'”. Mgeni atakesha akitafuta kosa la sintaksia kwenye kodi yake, asilione, kwa sababu halimo. Kilichotokea ni kwamba toleo jipya limepandishwa na mafaili ya zamani ya JavaScript yamefutwa. Mtu aliyeacha kichupo wazi tangu jana anabofya kiungo, kivinjari kinaomba kipande cha zamani, na seva, kwa utiifu wake, inakipa index.html. Kilitarajia JavaScript, kimekutana na alama ya kwanza ya HTML. Fundi anayejua hagusi kodi kwanza. Anafungua sehemu ya mtandao kwenye zana za kivinjari, anatazama faili lile limejibiwa nini, na akiona 200 yenye text/html, amemaliza kutafuta. Kisha anaizuia kanuni ya index.html isiguse folda ya mafaili, anayaacha mafaili ya toleo lililopita yakae kwa muda, na anahakikisha index.html yenyewe haigandi kwenye kashe.

Viungo vyenyewe vipime kwa simu. Kishikilie kiungo kwa kidole: isipokuja orodha ya kukifungua kwenye kichupo kipya, hicho si kiungo, ni div iliyovalishwa onclick. Kisoma skrini nacho hakitakitambua. Halafu bofya kiungo kilekile ukiwa ukurasa wa mbele na ukiwa ndani. Kilichoandikwa “mawasiliano” bila mkwaju mwanzoni hufika salama kutoka mbele, lakini ukiwa /bidhaa/87 kinakupeleka /bidhaa/mawasiliano, mahali pasipokuwepo. Makosa haya hupona haraka, ila hukawia kuonekana, maana mjaribu huanza safari zake zote mlangoni.

Kitufe cha kurudi nyuma kinahitaji subira zaidi. Fungua /akaunti kabla ya kuingia, utapelekwa /ingia. Rudi nyuma. Kama unatupwa tena /ingia, kila ukijaribu, basi palitumika pushState mahali pa replaceState. Kuna na kisanduku cha kutafutia kinachoongeza hatua kwenye historia kwa kila herufi: ukiandika “baiskeli” utabonyeza kurudi mara nane ndipo utoke. Sijui kosa dogo linaloudhi kuliko hilo.

Anwani zenye alama ya #! hazina haja ya kuchunguzwa sana siku hizi. Twitter ilizitumia kisha ikaziacha mwaka 2012, na pushState ipo katika kila kivinjari cha leo.

Mwisho shuka chini kwenye orodha ndefu, fungua kitu kimoja, rudi. Programu nyingi hukurusha juu kabisa: kivinjari kilijaribu kukurudisha ulipokuwa, lakini data haikuwa imefika na ukurasa ulikuwa bado mfupi. Anayeihifadhi orodha ili aichore papo hapo, ndipo airudishe nafasi ya msomaji, ni adimu sana, na huyo mlipe anachotaka.