Kitabu Kilichopotea Jina

Tulikisoma zamani, na jina lake likatutoka. Kilichosalia akilini ni daktari wa mifugo aliyelala kifudifudi juu ya mawe ya zizi, kifua wazi, baridi ikimchoma, mkono wake umezama ndani ya ng'ombe aliyeshindwa kuzaa. Kwa alama hiyo moja tulikitafuta, hata tukakipata: ni "If Only They Could Talk" cha James Herriot, kilichotolewa Uingereza mwaka 1970.

Vikwazo vilikuwa viwili. Kwanza, Herriot ni jina la kubuni. Mwandishi ni Alfred Wight (1916–1995), aliyetibu wanyama mjini Thirsk, Yorkshire, na kanuni za taaluma yake zilimkataza kujitangaza. Pili, mwaka 1972 kitabu hicho kiliunganishwa na cha pili yake, vikatolewa Marekani kwa jina jipya, "All Creatures Great and Small". Basi tukio ni moja, majina mawili.

Kwa nini tukio lidumu na jina lipotee? Kwa maoni yetu, ni kwa kuwa mwandishi hajitukuzi. Hujieleza akiwa mchafu, mchovu, tena akisimangwa na mtazamaji aliyesimama kando. Kicheko humwangukia yeye mwenyewe. Huo ndio ufundi wake.

Walimu wenzetu, mitihani huuliza jina la kitabu na la mwandishi, na ni haki kuuliza. Lakini mwanafunzi aliyesahau yote mawili, akaukumbuka ule mkono ndani ya ng'ombe, tusimwandikie sifuri. Huyo amesoma.