Pongezi kwa Anayeliziba Jino

Daktari wa meno husifiwa kwa wepesi wa mkono: kang'oa, na mtu hakusikia kitu. Ni haki yake, lakini kwa watu wa Likoni, Kisauni na Changamwe, huku Mombasa, naiona sifa hiyo ndogo. Jino la ukubwani likishang'oka halirudi. Anayestahili pongezi zaidi ni yule anayelinusuru, na kazi yake haionekani. Afisa wa afya ya kinywa aliyesomea stashahada ya KMTC, chuo cha mafunzo ya utabibu cha Kenya, hufundishwa kusafisha meno, kuziba matundu na kuwafikia watoto shuleni, huko huko getini kunakouzwa mabuyu ya sukari na rangi.

Atatokea wa kubisha: mbona katika hospitali za umma wengi hung'olewa tu? Ni kweli. Lakini anayeishi kwa kibarua haendi siku ya kwanza ya maumivu. Hutia mafuta ya karafuu, humeza vidonge vya dukani, akafika usaha umeshatunga. Na wa Likoni akipewa rufaa ya kisiwani, ana feri ya kungoja. Hapo limebaki koleo. Wala kuziba hakuhitaji mashine ghali kila mara. Katikati ya miaka ya 1980, Tanzania ndiko ilikoanzia mbinu ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono na kuziba tundu bila umeme wala keekee. Shirika la Afya Duniani likaipigia debe mwaka 1994. Ujuzi basi ulizaliwa jirani. Dawa ya kuzibia isiponunuliwa, deni hilo si la daktari.