Jiří Trnka: Mkono na Mwanasesere
Jiří Trnka (1912-1969), mzaliwa wa Plzeň nchini Ucheki, alitunga filamu za wanasesere waliosogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja moja. Nyuso zao hazibadiliki. Huzuni na furaha hutokana na mwanga na mkao.

Katika filamu yake ya mwisho, Ruka (1965), yaani "Mkono", mfinyanzi anayetaka kulifinyangia ua lake chungu alazimishwa na mkono mkubwa kuchonga sanamu ya mkono. Akifa, mkono huohuo wamzika kwa heshima.

Ni rahisi kuona humo dola peke yake. Lakini mkono wa mtu ndio pia umpao mwanasesere uhai. Hivyo swali lamgeukia msanii mwenyewe, mtumishi wa studio ya serikali. Baada ya kifo chake, filamu hiyo ilipigwa marufuku.