Si kila mwenye miguu mingi ni tandu

Baadhi ya watunzi wetu wa istilahi wana mazoea ya kulichukua jina la Kiingereza, kulitafsiri neno kwa neno, kisha kutangaza kuwa Kiswahili kimekua. Kumbe wakati mwingine kilichokua ni kosa tu.

Chukua mfano wa simfila. Huyu ni kiumbe mweupe, asiye na macho, mwenye urefu wa sentimita moja hivi au pungufu. Huishi udongoni na kutafuna ncha za mizizi michanga. Mmea hudumaa, naye mkulima akadhani mbolea haikutosha. Waingereza walimtazama juu juu wakambandika jina la tandu wa bustani. Je, nasi tulifuate? La hasha!

Tandu, msomaji mpendwa, ni mwindaji. Ana kucha za sumu chini ya kichwa na hula viumbe wengine wadogo, simfila akiwamo. Hebu tuhesabu miguu. Jozi za miguu ya tandu mzima huwa witiri daima, kuanzia 15 kwenda juu. Simfila mzima ana jozi 12. Huanguliwa na jozi 6 au 7, kisha huongeza kadiri anavyojivua ngozi. Jongoo naye ana jozi mbili katika pingili zake nyingi, na chakula chake hasa ni majani yaliyooza. Wote watatu wamo katika kundi la miriapoda, lakini kila mmoja ana ngeli yake. Naam, biolojia nayo ina ngeli, kama sarufi.

Hata neno mdudu halitusaidii hapa. Mtaani kila kinachotambaa ni mdudu. Darasani mdudu ana miguu 6, basi.

Watanijibu kuwa jina la kutafsiri hueleweka upesi. Kweli, ila hili hueleweka vibaya. Mkulima akisoma kijitabuni kuwa tandu ndiye anayemlia mizizi, atafanya nini? Atamuua kila tandu amwonaye, na adui abaki shambani akistarehe bila mwindaji.

Kwa hiyo tuseme simfila, ngeli ya A-WA, simfila amekula, simfila wamekula. Neno geni lisilodanganya ni bora kuliko la nyumbani linalopotosha. Wahenga walisema mtupa jongoo hutupa na mti wake. Sawa, lakini tusimtupe na tandu.